Kabla Ukuta wa Mgodi Haujaporomoka

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Morogoro, basi unaujua mlima Kitonga. Upande mmoja wa barabara kuna bonde refu. Upande wa pili kuna ukuta wa mwamba uliokatwa ili barabara ipite. Abiria wengi huangalia bondeni kwa hofu. Ni wachache wanaoangalia juu, kwenye mwamba. Lakini mwamba huo nao ni mzito, nao umesimama juu ya vichwa vya watu.

Ni kitu gani kinachoushikilia? Na mtu anawezaje kujua kwamba kesho utaendelea kushika?

Maswali hayo wahandisi wa migodi hujiuliza kila siku. Siku hizi wanatumia kompyuta kutafuta majibu. Katika makala hii tutaeleza jinsi hesabu hizo zinavyofanywa. Tutaeleza pia kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa vijijini, tunaochimba mchanga, moramu na udongo wa matofali. Maana ukuta wa shimo haubagui. Hauulizi kama mchimbaji ana mtambo au ana jembe.

MGODI WA WAZI NI NINI?

Kuna njia kuu mbili za kuchimba madini. Njia ya kwanza ni kuingia chini ya ardhi. Njia ya pili ni kuondoa udongo na mawe yote ya juu mpaka kuyafikia madini. Shimo linabaki wazi kama bakuli kubwa. Huo ndio mgodi wa wazi.

Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini mambo haya si mageni. Huko Kabulo, wilaya ya Ileje, makaa ya mawe yamechimbwa kwa shimo la wazi. Ileje ilikuwa katika mkoa wa Mbeya mpaka mwaka 2016, ulipoundwa mkoa wa Songwe. Ludewa kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ludewa nayo ilikuwa katika mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Njombe. Chunya wamechimba dhahabu tangu miaka ya 1920. Nyakavangala, wilaya ya Iringa, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Ukuta wa mgodi mkubwa wa wazi haukatwi wima kutoka juu mpaka chini. Hukatwa kwa ngazi. Ngazi moja huweza kuwa na kimo cha mita 10 au zaidi. Jiwe likidondoka kutoka juu, linadakwa na ngazi ya chini yake, halifiki kwa wafanyakazi. Mkulima wa milimani ataelewa upesi. Ni kama matuta ya ngazi shambani. Tofauti ni kwamba tuta la shamba huzuia maji na udongo, na ngazi ya mgodi huzuia mawe.

KWA NINI UKUTA USILAZWE SANA?

Mtu anaweza kuuliza: "Kama ukuta wima ni hatari, kwa nini wasiulaze sana ili watu wote wawe salama?"

Hili ni swali zuri. Jibu lake ni gharama. Hebu tupige hesabu.

Tuseme shimo lina kina cha mita 100. Ukuta wa kwanza umelazwa hivi: kila ukishuka mita 100, ukuta umerudi nyuma mita 100. Ukuta wa pili umesimama zaidi kidogo. Ukishuka mita 100, umerudi nyuma mita 84 tu. Kwa macho, kuta hizi mbili karibu zinafanana.

Sasa tuseme ukuta una urefu wa mita 500. Ukichagua ukuta wa kwanza badala ya ule wa pili, utaondoa mwamba zaidi kiasi cha mita za ujazo 400,000. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Kwa hiyo ni tani 1,000,000 za mawe yasiyo na madini yoyote. Lori la tani 10 lingehitaji safari 100,000 kuyabeba.

Unaona basi. Ukuta ukilazwa mno, mgodi unakula hasara na pengine kufungwa. Ukisimamishwa mno, unaua watu. Kati ya mambo hayo mawili kuna mahali panapofaa. Kupatafuta kwa kubahatisha ni kucheza na roho za watu. Ndiyo maana panatafutwa kwa hesabu.

NI KAMA KUVUTA KAMBA

Sote tunaujua mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zinavutana. Timu yenye nguvu zaidi inashinda.

Katika ukuta wa mwamba kuna timu mbili pia. Timu ya kwanza ni uzito wa mwamba wenyewe. Huu unavuta kwenda chini, usiku na mchana, bila kupumzika. Timu ya pili ni msuguano, yaani kule kukwaruzana kwa jiwe na jiwe, pamoja na ule ugumu unaoyafanya mawe yashikamane. Timu hii inashikilia.

Tuchukue jiwe moja lenye ukubwa wa chumba. Lina urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita mbili na nusu. Uzito wake ni tani 100 hivi. Jiwe hili limekaa juu ya ufa ulioinama kuelekea shimoni. Kwa mwinamo wa wastani, uzito wake unalivuta kwenda shimoni kwa nguvu ya tani 50. Msuguano kwenye ufa unalishikilia kwa nguvu ya tani 65.

Gawanya nguvu ya kushika kwa nguvu ya kuvuta: 65 kwa 50. Jibu ni 1.3. Jibu hili tutaliita namba ya usalama.

Kama namba ya usalama imezidi 1, jiwe linakaa. Kama ni 1 kamili, timu zimelingana, na kikohozi tu kinaweza kuleta balaa. Kama imepungua chini ya 1, jiwe linashuka. Kwa kuta kubwa za migodi wataalamu kwa kawaida hutaka namba iwe kati ya 1.2 na 1.5. Wanapoangalia ukuta ulio juu ya barabara ya malori, au ulio juu ya mahali wanapofanya kazi watu wengi, wanataka namba kubwa zaidi.

ADUI MKUBWA NI MAJI

Sasa mvua inanyesha. Maji yanaingia kwenye ufa chini ya lile jiwe letu. Wengi wetu hudhani maji yanafanya kazi ya mafuta, yaani yanalainisha jiwe ili liteleze. Kumbe kazi yake kubwa ni nyingine. Maji yanasukuma. Yanalinyanyua jiwe kidogo kutoka chini, kama yanavyonyanyua mtumbwi ziwani. Jiwe likinyanyuliwa, halikandamizi tena kwa nguvu pale lilipokaa, na msuguano unapungua.

Nguvu hii si ndogo. Maji yenye kina cha mita 10 ndani ya ufa husukuma kwa nguvu ya tani 10 kwa kila mita moja ya mraba huko chini. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama kidole. Upana wa ufa hauongezi wala haupunguzi nguvu hiyo. Kinachohesabika ni kina cha maji.

Tuseme maji yamepunguza nguvu ya kushika kutoka tani 65 mpaka tani 45. Nguvu ya kuvuta bado ni tani 50. Gawanya 45 kwa 50. Jibu ni 0.9. Imepungua chini ya 1. Jiwe lililokaa kiangazi kizima, na watu wakakaa kivulini mwake kula chakula cha mchana, sasa linashuka.

Hapo tunapata fundisho kubwa. Ukuta kusimama kiangazi si ushahidi kwamba utasimama masika. Nasi tunaijua mvua ya huku kwetu. Huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, na kwa wenzetu wa Tukuyu na Kyela mpaka Mei na zaidi. Wananchi wa Mbeya mjini hawajasahau Aprili 2024. Baada ya mvua nyingi, tope la mlima Kawetere liliporomoka katika kata ya Itezi likafukia nyumba na kuharibu shule. Hakukuwa na mgodi pale. Lakini timu zilizovutana ni zilezile mbili, na maji yalisaidia timu ileile.

MWAMBA NI KAMA KITABU

Kuna jambo jingine. Mwamba si kitu kimoja kizima kama sufuria. Umejaa nyufa na matabaka. Makaa ya mawe hasa hukaa kwa matabaka, pamoja na mawe laini yaliyotokana na udongo. Ni kama kurasa za kitabu.

Weka kitabu mezani, ukiinamishe kuelekea kwako. Kurasa zinaelekea kukujia. Ukikiinamisha upande wa pili, kurasa zinakwenda mbali nawe. Ukuta wa mgodi ni hivyohivyo. Matabaka yakiinama kuelekea shimoni, ukuta ni wa hatari. Yakiinama kuelekea mlimani, ukuta una nafuu, ingawa nao unaweza kupinduka kama vitabu vilivyosimamishwa rafuni bila kuegemezwa.

Kwa hiyo mtaalamu wa miamba hutembea ukutani na dira. Anapima kila ufa unaelekea wapi, umeinama kiasi gani, una kutu, una udongo ndani, unatoka maji? Mwamba hutobolewa kwa mtambo na kutolewa vipande virefu vya mviringo kama miwa. Vipande hivyo huvunjwa maabara ili kujua nguvu yake. Mabomba membamba hushushwa ardhini kupima maji yako kina gani. Kazi hii yote hutangulia. Kompyuta bado haijawashwa.

KOMPYUTA INAFANYA NINI HASA?

Jiwe moja tunaweza kulipigia hesabu kwa kalamu, kama tulivyofanya. Lakini ukuta wa mgodi si jiwe moja. Ni maelfu ya vipande vinavyokandamizana.

Fikiria gunia za mahindi zilizopangwa katika ghala. Gunia moja la chini likipasuka, uzito wake haupotei. Unahamia kwa gunia za jirani. Jirani nazo zikizidiwa, uzito unahamia mbele zaidi. Mara chungu yote inainama. Anayetaka kujua kama chungu itaanguka hawezi kuangalia gunia moja. Inabidi aangalie zote, na jinsi zinavyopeana mzigo.

Watu walianza zamani kutafuta njia ya hesabu hii. Mwaka 1916 gati la bandari liliporomoka katika mji wa Göteborg, Sweden. Baada ya hapo wahandisi wa huko wakaanza kuukata mteremko kwa mawazo, vipande vipande kama mkate, na kupigia hesabu kila kipande. Kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na karatasi. Baadaye zikaja kompyuta, na vipande vikaweza kuwa vidogo zaidi na vingi zaidi. Mwaka 1971 mhandisi Peter Cundall alionyesha njia ya kupigia hesabu mwamba uliokatikakatika. Katika njia yake kila jiwe linaweza kusogea, kugongana na jirani yake, kugeuka na kuanguka.

Siku hizi kazi huenda hivi. Kwanza, mhandisi anachora ukuta ndani ya kompyuta. Pili, anaugawa katika vipande vidogo vingi sana. Tatu, anaiambia kompyuta uzito wa kila aina ya mwamba, nguvu yake, nyufa zilipo na maji yalipo. Nne, kompyuta inapiga hesabu ya kila kipande na jirani zake, inarudia tena na tena, mpaka vipande vyote vitulie au vianze kukimbia.

Halafu kuna mbinu moja nzuri sana. Mhandisi anaiambia kompyuta ipunguze nguvu ya mwamba kidogo kidogo. Ni kama katika kuvuta kamba kuondoa watu mmoja mmoja kutoka timu inayoshikilia. Unaondoa mmoja, kamba inashika. Unaondoa wa pili, inashika. Unaondoa wa tatu, kamba inakwenda. Hapo unajua timu ilikuwa na akiba ya watu wangapi. Akiba hiyo ndiyo namba ya usalama. Tena kompyuta inaonyesha mahali ambapo ukuta utaanza kukatika.

Uzuri wake ni huu. Ukuta ulioanguka ndani ya kompyuta haujaua mtu. Mhandisi anaufuta, anaulaza kidogo, au anachora mabomba ya kutoa maji, kisha anajaribu tena. Anajaribu mvua nyingi, anajaribu mvua kidogo. Anajaribu mtikisiko wa baruti. Anajaribu hata tetemeko la ardhi, maana sisi wa Mbeya na Rukwa tunakaa kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika.

KOMPYUTA HAIJUI USICHOIAMBIA

Ndugu wasomaji, tusiifanye kompyuta kuwa mganga. Haioni ndani ya mlima. Inajua yale tu iliyoambiwa. Ufa ambao mtaalamu hakuuona, kompyuta nayo haiujui. Ukiiambia mwamba ni mkavu na kumbe umejaa maji, itakupa jibu safi lenye namba nzuri, na jibu hilo litakuwa la uongo.

Ndiyo maana hata migodi yenye wataalamu na mitambo imepatwa. Mwaka 2007 ukuta mmoja wa shimo la Nyankanga, katika mgodi wa dhahabu wa Geita, uliporomoka na kurudisha kazi nyuma. Machi 2016 huko Kolwezi, nchini Kongo, ukuta wa mgodi wa wazi wa KOV uliporomoka na wafanyakazi 7 wakapoteza maisha.

Kwa sababu hiyo, baada ya hesabu kuna ulinzi. Vioo vidogo huwekwa ukutani na kupimwa mahali vilipo kila mara. Rada huangalia ukuta usiku na mchana, nayo huona hata ukisogea kiasi kidogo sana ambacho jicho halioni. Kuta nyingi haziporomoki ghafla kama tunavyodhani. Husogea kwanza polepole. Kisha husogea kasi. Halafu ndipo huanguka. Mwenye kupima anaiona ile kasi ikiongezeka.

Mfano mkubwa ulitokea Marekani tarehe 10 Aprili 2013, katika mgodi wa shaba wa Bingham Canyon. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwa wiki nyingi kwamba ukuta mmoja unasogea. Wafanyakazi wakaondolewa. Saa 3:30 usiku ukuta ukaporomoka. Saa moja na nusu baadaye ukaporomoka tena, mara ya pili. Kwa jumla zilishuka tani zaidi ya milioni 100. Hakuna hata mtu mmoja aliyeumia.

Lakini tusiishie hapo. Wataalamu wale walijua kwamba ukuta utaanguka. Ila mawe yalifika mbali kuliko walivyokadiria, yakafukia mitambo iliyodhaniwa iko salama. Hesabu iliwaambia jambo moja vizuri, na jambo jingine vibaya. Watu walipona kwa sababu mgodi haukubishana na dalili. Uliwatoa watu wake mapema, ukakubali hasara ya kazi kusimama.

NA SISI TUSIO NA KOMPYUTA?

Tarehe 13 Januari 2024, katika machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, udongo ulifukia watu, na zaidi ya 20 wakafa. Ilikuwa kipindi cha mvua kubwa. Mkuu wa wilaya alieleza kwamba uchimbaji mahali pale ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua hizo. Waliofariki wengi walikuwa vijana wenye nguvu, watu wa kutegemewa nyumbani.

Hawakufa kwa kukosa kompyuta. Dalili ya kwanza, yaani mvua, ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Wala hatusemi kwamba walikuwa wajinga. Mtu mwenye watoto wanaosubiri chakula hufikiri: nitachimba kidogo tu leo, kisha nitoke. Shida ni kwamba ukuta hauhesabu siku kama sisi.

Nasi tumeyaona mambo haya kwa macho yetu. Katika kijiji kimoja, wanakisomo wetu walikuwa wakichimba moramu kwa kujitolea ili kujaza msingi wa darasa la shule. Tulipofika tulikuta wamechimba chini ya ukingo mpaka pamekuwa kama pango. Juu yake kulikuwa na udongo wa kimo cha watu wawili. Moramu ya chini ni laini, kwa hiyo kila mtu alipenda kuchimba hapo. Tukawaomba watoke.

Mama mmoja akatuambia: "Walimu, mbona limeshika tangu Agosti? Mnatuchelewesha bure. Fundi anakuja Jumatatu."

Hatukubishana naye. Tulikwenda naye juu ya ukingo. Pale kwenye nyasi palikuwa na ufa, hatua mbili kutoka ukingoni. Tukapigilia vijiti viwili, kimoja huku na kimoja kule kwenye ufa. Tukafunga uzi kati yake, ukanyooka vizuri. Mama yule tukampa kazi ya kuutazama kila asubuhi.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe darasani. Uzi ulikuwa umekatika. Akapima upya nafasi ya vijiti kwa vidole vyake, akasema, "Umeongezeka vidole viwili." Na mvua zilikuwa bado hazijaanza.

Kesho yake kazi ikabadilika. Walianza kuchimba kutoka juu, wakashusha ukingo kwa ngazi. Iliwachukua siku nne zaidi. Fundi alisubiri na kunung'unika. Msingi ukajazwa. Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna kilichotokea. Ndivyo usalama ulivyo. Ukifanikiwa, hauonekani.

Vijiti vile viwili na uzi vilifanya kazi ileile ya rada. Hesabu yake ni ndogo, lakini ni ya kweli.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, ndugu msomaji, kama unachimba mchanga, moramu, udongo au dhahabu, shika mambo haya:

1. Usichimbe chini ya ukingo na kuacha pango. Anza juu, shuka kwa ngazi. Kimo cha ngazi kisizidi kimo cha mtu. Upana wa kukanyaga usipungue kimo hicho.

2. Usirundike kifusi ukingoni. Kifusi ni uzito, nao unaisaidia timu inayovuta. Lori nalo lisisimame ukingoni.

3. Kila asubuhi, kabla ya kushuka, mtu mmoja apite juu ya ukingo atafute nyufa mpya. Ufa ukionekana, pigilia vijiti, pima. Ukipanuka, toka.

4. Zielekeze mbali njia za maji ya mvua. Chimba mfereji juu ya shimo ili maji yasiingie kwenye nyufa.

5. Baada ya mvua kubwa usishuke. Jua likiwaka leo, usidhani maji yamekwisha ndani. Maji ya nyufani hukawia kutoka.

6. Ukiona vijiwe vinadondoka kidogo kidogo, mti wa ukingoni umeinama, au maji ya ukutani yamegeuka matope, kimbia. Usirudi kuchukua sururu. Sururu hununuliwa.

7. Mtu akifukiwa, msikimbilie wote chini ya ukuta uleule. Kumbukeni Bingham Canyon. Ukuta ulianguka mara mbili. Mmoja aangalie juu na kupiga kelele ukisogea. Wachache wafukue. Wengine wakaombe msaada wa zimamoto na serikali ya kijiji.

Machimbo ya madini yako chini ya Tume ya Madini. Afisa Madini Mkazi akisema machimbo yafungwe kwa sababu ya mvua, tusimwone adui wa maendeleo. Nasi tuna haki ya kumwuliza: "Ukuta huu umepimwa? Nani aliupima? Maji yalikuwa wapi siku hiyo?" Huko ambako mgodi mkubwa unafunguliwa karibu na kijiji, wananchi waulize maswali hayohayo katika mkutano. Mtu aliyejua kusoma na kuhesabu asiogope namba. Sasa unajua 1.3 ina maana gani, na 0.9 ina maana gani.

Mwamba hauna hasira wala huruma. Unashika mpaka pale nguvu ya kushika inapozidiwa. Kazi yetu ni kupima mapema na kukubali tulichopima, hata kama fundi anakuja Jumatatu.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Taja timu mbili zinazovutana katika ukuta wa mwamba. Maji ya mvua husaidia timu ipi? Kwa namna gani?

2. Jiwe linavutwa kwa nguvu ya tani 40. Linashikiliwa kwa nguvu ya tani 60. Namba ya usalama ni ngapi? Mvua ikipunguza nguvu ya kushika mpaka tani 36, namba itakuwa ngapi? Je, ungekaa chini ya jiwe hilo?

3. Kwa nini ukuta uliosimama kiangazi kizima unaweza kuanguka masika?

4. Kompyuta inaweza kutoa jibu la uongo. Eleza sababu.

5. Katika kijiji chenu watu wanachimba wapi? Nendeni pamoja mkatazame juu ya ukingo. Mmeona nini?